Kisima, Kijito, Mto, Bahari

Assalaam alaykum, na kwa wengine wote, habari zenu za asubuhi. Mwenyekiti wetu, walimu wangu mliokaa mbele, wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaona mpitie hapa kabla ya kwenda kulala, na nyinyi wanafunzi: ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie tiba ya sindano ya Kichina, hasa zile pointi zinazochomwa na njia zinazoziunganisha. Nitaanza na maneno yenyewe, maana maneno ndiyo yaliyonipoteza mimi kwa mwaka mzima.

Nilipokwenda Nanjing, huko China, kujifunza kazi hii, nilikuwa nimeshafanya fiziotherapia kwa miaka sita. Misuli naijua, neva nazijua, mshipa gani wa damu unapita wapi najua. Nikapewa kitabu cha Kiingereza, nikakuta mna pointi na meridiani. Kichwani mwangu pointi ikawa nukta ya wino, na meridiani ikawa mstari kama ile ya ramani ya dunia ukutani darasani. Basi nikakaa kukariri nukta na mistari. Nilizimaliza zote 361.

Siku ya kwanza kumgusa mgonjwa, mwalimu wangu, mzee mpole mwenye mikono mikubwa kama ya seremala, alinipa mguu wa bibi mmoja akasema: nitafutie Zusanli. Nikapanga vidole vyangu vinne chini ya goti, nikatia alama ya kalamu. Mzee hakuiangalia. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba kutoka chini ya pia ya goti, akishuka nacho polepole pembeni mwa muundi, mpaka kikasimama chenyewe. Bibi akashtuka, akacheka, akasema neno ambalo baadaye niliambiwa maana yake ni "hapo hapo". Alama yangu ilikuwa chini ya kile kidole kwa karibu nusu wanda.

Kosa lilikuwa nini? Nilipima kwa vidole vyangu. Bibi yule alikuwa mdogo wa umbo, mimi mnaniona nilivyo. Kipimo cha Kichina kinaitwa cun, na cun moja ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe; vidole vinne vikibanwa pamoja ni cun tatu, lakini viwe vidole vyake. Kutoka mkunjo wa kiwiko hadi mkunjo wa kifundo cha mkono ni cun 12, kwa mtoto wa miaka mitano na kwa mvuta kamba wa jahazi vilevile. Ajabu ni kwamba mimi nilipaswa kulielewa jambo hili kabla ya Mwingereza yeyote. Bibi yangu alipima kanga kwa mkono, ukili kwa shubiri, na alipotaka kitu kidogo zaidi alisema wanda, yaani upana wa kidole. Alijua pia kwamba shubiri yake si shubiri ya babu.

Sasa turudi kwenye maneno. Ile tunayoiita pointi, Wachina wanaiita xue, na xue si nukta. Ni tundu, ni shimo, ni pango. Hata shimo la kaburi huitwa hivyo. Ni mahali ambapo kidole kinazama kidogo: kati ya kano na kano, kati ya mfupa na msuli, kwenye kibonde. Nukta unaiona kwa jicho. Kishimo unakipata kwa kidole, na ndiyo maana mzee alifumba macho.

Na ile njia wanaiita jing. Jing ni uzi wa mtande, zile nyuzi ndefu zinazotangulia kutandwa kabla mfumaji hajapitisha mshindio. Njia ndogo zinazotawanyika kutoka kwenye zile kubwa zinaitwa luo, neno lenye maana ya wavu. Hili "meridiani" halimo kabisa katika Kichina. Lililetwa na Mfaransa, George Soulié de Morant, aliyekuwa mwanadiplomasia China mwanzoni mwa karne iliyopita, kisha akawaandikia wenzake vitabu vya tiba hii. Hata "akupancha" ni ya Ulaya: daktari Mholanzi Willem ten Rhijne, aliyeiona tiba hii Japani, ndiye aliyeiandika kwa Kilatini katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1683, na akachukua jina la kuchoma kwa sindano peke yake. Wachina wanasema zhenjiu, sindano na moto. Moto ni kule kufukiza ngozi kwa majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga. Pakanga nyingine, ndugu wa hiyo, ndiyo iliyotoa dawa iliyomo ndani ya mseto tunaowapa wagonjwa wa malaria kila siku katika zahanati zetu, na iliyompa mtafiti wa China, Bi Tu Youyou, Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nimeona niliseme hilo, maana wengi wanaomeza mseto hawajui umetoka kwa nani.

Kabla ya jing kulikuwa na neno kongwe zaidi, mai. Mai ni kile kinachodunda kwenye kifundo cha mkono. Ni chombo cha damu, na ni njia pia ya kitu kisichoonekana. Wafasiri wa Ulaya wametoka jasho nalo. Sisi tunalo la kwetu limelala tu: mshipa. Mtu wa Unguja akikwambia "mshipa umenivuta", humuulizi kama ni neva au kano. Kuna mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, mishipa ya shingo iliyokaza, mshipa wa ngiri. Madaktari wenzangu hulilaumu neno hili kwamba halina mpaka. Mimi nalipenda kwa sababu hiyo hiyo. Linautaja mwili jinsi mwenyewe anavyousikia kutoka ndani, kabla ya kisu kuingia. Na mai ilianza hivyohivyo.

Tunajua ilivyoanza kwa sababu ya kaburi. Mwaka 1973, huko Mawangdui, Changsha, wachimbaji walifungua kaburi lililofungwa mwaka 168 KK, wakakuta sanduku la maandishi yaliyoandikwa juu ya hariri. Humo mna mai 11. Hazikuwa 12, kama zilivyokuja kuwa baadaye. Na hamna kishimo hata kimoja chenye jina, wala sindano; tiba ni ya moto. Kila mai imeelezwa inapopita na maumivu yanayofuatana nayo: hii inaanzia kifundo cha mguu, inapanda nyuma ya goti, inapita mgongoni, ikiugua, kiuno kinauma, nyuma ya goti panakaza. Aliyewahi kumhudumia mgonjwa wa mshipa wa nyonga, unaoshuka kutoka kiunoni mpaka kisigino, atajua walichokuwa wanakisikiliza wale watu. Baadaye, mwaka 2012 na 2013, katika makaburi ya Laoguanshan mjini Chengdu, kikapatikana kijisanamu cha mtu kilichopakwa laki, ile rangi ngumu inayong'aa, hakifiki hata shubiri, kimechorwa mistari mwili mzima na kutiwa alama za vituo. Kwa hiyo mistari ilitangulia, na mashimo yakaja kutafutwa juu yake kizazi baada ya kizazi.

Kitabu kikubwa kilichokusanya elimu hii, Huangdi Neijing, kina sehemu mbili, na ile ya pili, Lingshu, ndiyo ya sindano. Humo mai zimekuwa 12, kila moja na kiungo chake: mapafu, utumbo mpana, tumbo, wengu, moyo, utumbo mwembamba, kibofu, figo, mfuko wa moyo, ile wanayoiita sanjiao isiyo na kiungo tunachokijua sisi, nyongo, na ini. Sura ya 12 inailinganisha mikondo hii 12 na mito 12 ya China, mto kwa mto. Kwao haukuwa urembo wa maneno tu. Watu wale waliishi kwa maji na walikufa kwa maji. Walichimba mifereji, walijenga kingo, walijua mto ukizibwa mahali pamoja mafuriko yanatokea pengine na ukame pengine. Walipoufikiria mwili uliougua, walifikiria mto.

Nipeni mkono wangu niwaonyeshe. Tazameni huu wa kushoto. Pembeni mwa ukucha wa kidole gumba, upande wa nje, pana kishimo kinaitwa Shaoshang. Daraja lake ni kisima: maji yanachungulia tu. Nikishuka kwenye nyama nene ya chini ya kidole gumba, pale rangi ya kiganja inapokutana na rangi ya mkono wa nje, pana Yuji, ukingo wa samaki, kwa sababu nyama ile imenona kama tumbo la samaki. Hapa ni chemchemi. Kwenye mkunjo wa kifundo, pale tunapopima mapigo, ni Taiyuan, kilindi kikuu. Daraja lake ni kijito. Cun moja juu yake ni Jingqu, na hapo maji yamekuwa mto. Kisha tunakwenda mpaka kwenye mkunjo wa kiwiko, pembeni mwa ile kano ngumu inayosimama ukikunja mkono: Chize. Hapo mto umeingia baharini, umezama ndani ya mwili. Kila mmoja wa mikondo 12 una safari hii, kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, au mpaka goti.

Mwanafunzi aliye macho ataniuliza: mbona kitabu kinasema mkondo wa mapafu unatoka kifuani kwenda kidoleni, na wewe maji yako yanatoka kidoleni kwenda kiwikoni? Nami nilimuuliza mzee. Alitikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyelisubiri swali. Ni picha mbili, za nyakati mbili. Katika moja ya maandishi ya Mawangdui mai zote zinatoka pembeni mwa mwili kuja kati. Baadaye likaja wazo la mzunguko usiokatika: mapafu yanapokea kuanzia saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, kisha utumbo mpana, kisha tumbo, saa mbili mbili, mpaka ini linapokabidhi tena kwa mapafu. Waliokuja na mzunguko hawakuifuta picha ya kisima. Waliziacha zikae pamoja miaka elfu mbili. Kwangu mimi, hiyo ni alama ya watu waliokuwa wakiandika walichokigusa, na hawakuwa tayari kukitupa kwa sababu tu hakilingani na nadharia ya baadaye.

Majina ya vishimo pia yamejaa nchi na maji. Utosini ni Baihui, makutano mia. Chini ya unyayo ni Yongquan, chemchemi inayobubujika, na hapo ndipo mkondo wa figo unapoanza. Chini ya kitovu, Qihai, bahari ya qi, yaani kile kitu kisichoonekana wanachosema kinapita kwenye njia hizi. Nyuma ya kifundo cha mguu upande wa nje, Kunlun, jina la mlima. Kwenye kifundo cha mkono kwa ndani ni Neiguan, lango la ndani, na mgongoni mwake ni Waiguan, lango la nje. Na Zusanli, ile iliyonishinda, ni li tatu za mguu. Husimuliwa kwamba msafiri aliyechoka akiibonyeza anaweza kutembea li tatu nyingine, yaani kama kilomita moja na nusu.

Hesabu yake imekuwa ikibadilika. Huangfu Mi, katika karne ya 3, mtu ambaye mwenyewe aliugua viungo, aliandika majina 349. Mwaka 1027 Wang Weiyi alisubu sanamu mbili za shaba za kimo cha mtu, zenye matundu. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta nje na kujazwa maji ndani. Mwanafunzi akichoma penyewe, maji yanatoka. Akikosea, sindano inagota kwenye shaba. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha 361 juu ya mikondo 14, ile 12 ya pande zote mbili za mwili, na miwili ya katikati, wa mbele na wa mgongoni. Mkondo wa kibofu peke yake una 67. Wa moyo una 9 tu. Wataalamu wa China, Japani na Korea walipokaa kuafikiana kila kimoja kiko wapi hasa, wakatoa kitabu chao mwaka 2008, vilibaki vishimo 6 ambavyo havikupata kauli moja.

Sasa nije kwenye swali ambalo madaktari wangu hapa mbele wanalo mdomoni tangu nianze: je, mikondo hii ipo?

Kwa kisu haijaonekana. Kwa hadubini haijaonekana. Miaka ya 1960 Kim Bonghan wa Korea Kaskazini alitangaza kwamba ameigundua mirija yake, na sayansi haikukubali. Atakayekwambia kuna bomba la qi chini ya ngozi, mwambie alete. Kuhusu kuchoma kwenyewe, ushahidi upo, na si wa upande mmoja. Ujerumani walichukua wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno, wakawagawa makundi matatu, na matokeo yakatoka mwaka 2007. Baada ya miezi sita, katika waliochomwa penyewe, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa kijuujuu, mahali pasipo na kishimo, asilimia 44.2. Waliopewa tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi, asilimia 27.4.

Nimelala na namba hizi usiku mwingi. Ya kwanza na ya tatu zinanipa moyo: mgonjwa wa kiuno akichomwa anapata kitu. Ya pili inaniuma, kwa sababu inasema kwamba katika kiuno kile, kukipata kishimo chenyewe kuliongeza kidogo sana. Siifichi, na nanyi msimfiche mgonjwa. Kwa upande mwingine, kishimo cha Neiguan kwa kichefuchefu baada ya upasuaji kimefanyiwa majaribio mengi, na yakijumlishwa pamoja kinapunguza kutapika kuliko kugusa kwa uongo. Na tangu miaka ya 1970 maabara zilionyesha kwamba sindano inaamsha dawa za maumivu ambazo mwili unajitengenezea, kwani mtu akipewa naloksoni, dawa inayozizuia, nafuu ile inapungua.

Basi mimi mikondo naitumia kama baharia anavyotumia majina ya mikondo ya bahari. Hakuna mstari uliochorwa majini kati ya Unguja na Pemba. Lakini nahodha anayejua mkondo wapi, saa ngapi, na upepo gani, atafika. Ramani hii inanifundisha kugusa mahali ambapo nisingegusa: nikamate mguu wa mtu anayelalamika kichwa, nimuulize usingizi, nimuulize choo, nikae naye nusu saa. Inanifundisha pia kungoja. Sindano ikiingia, mgonjwa mwenyewe hueleza: uzito, ganzi, kujaa, uchovu wa nyama. Wachina wanaita de qi. Mzee alininukulia shairi la zamani la wenye kazi hii, kwamba qi ikifika ni kama samaki aliyemeza ndoana. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nimekua nikishika mshipi gizani, na najua ule mvuto mdogo unaokuja mkononi kabla hujaona chochote. Siku nilipoupata kwenye sindano, nikiwa nimeshika kipini kwa vidole viwili, nywele zilinisimama.

Kwa kuwa naipenda kazi hii, kuna jambo sitalinyamazia. Mwaka jana nilimpokea mama mmoja aliyeambiwa na mtu anayejiita mtaalamu kwamba mkondo wake wa ini ukifunguliwa hatahitaji tena vidonge vya presha. Akaviacha. Alipofika kwangu, mkono wa kulia ulikuwa haushiki kijiko. Mtoto wake alikuwa amemshikia kanga isidondoke, ananiuliza kama nina sindano ya kumrudisha. Nina mazoezi ya kumsaidia, na sindano nazo, kidogo kidogo. Ya kurudisha ule mwezi mmoja bila vidonge sina. Sindano haitibu presha mahali pa vidonge, haitibu kisukari mahali pa insulini, haitibu Ukimwi wala saratani. Anayeuza hivyo anawaibia wagonjwa, na anaiibia jina elimu ya watu waliokaa miaka elfu mbili wakigusa kwa uangalifu.

Na kuchoma si mchezo. Juu ya bega, kati ya shingo na ncha ya bega, pana Jianjing, kisima cha bega. Chini yake tu ndipo kilele cha pafu kilipo. Sindano ikizama pale, hewa inaingia kifuani na pafu linasinyaa. Hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada, haichomwi kwa mjamzito, kwa desturi yao ya tangu zamani. Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Unguja tangu 1964, wengi kutoka jimbo la Jiangsu, ambalo mji wake mkuu ni hiyo Nanjing. Basi anayetaka kusoma kazi hii hana haja ya kuipata kwa mtu wa pembeni mwa soko.

Sasa nimesema vya kutosha, mikono ifanye kazi. Leo hatuchomi. Tunatafuta Neiguan, na hata wajawazito mnaruhusiwa. Kila wawili wana bahasha, ndani mna uzi. Mmoja anyooshe mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu. Mwenzake aweke uzi kuanzia mkunjo wa kiwiko hadi mkunjo wa kifundo, aukate. Hizo ni cun 12 za huyo mwenye mkono. Ukunje katikati, kisha kile kipande ukikunje sehemu tatu sawa. Kilichobaki ni cun mbili. Kiweke kuanzia mkunjo wa kifundo kupanda juu. Mwenye mkono afumbe ngumi na akunje kifundo kidogo, kano mbili zitasimama. Wengine mtakuwa na moja tu, msishtuke, si ugonjwa, wapo watu wengi waliozaliwa hivyo. Kati ya zile kano pana kibonde. Acha uzi sasa. Fumba macho, weka kidole gumba, na umuulize mwenzio anasikia nini.